Robota Lisiloisha: Namna ya Kujua Ngawira ya Gemu Hudondoka Mara Ngapi

Rafiki yangu wa mtaa wa Umoja, Nairobi, aliua mazimwi 1,100 ya gemu akitafuta mjeledi. Hakukisia idadi hiyo. Kulikuwa na programu ndogo kando ya gemu iliyomhesabia, na usiku huo ilipofika 1,100 alisukuma kiti nyuma akaniambia, "Buda, hii kitu haiko. Hawa watu wameitoa."

Gemu ni Old School RuneScape, iliyofunguliwa na kampuni ya Jagex mwaka 2013. Mazimwi ni yale yanayoitwa abyssal demon, ambayo huwezi kuyajeruhi mpaka ufike kiwango cha 85 katika ujuzi wa Slayer. Mjeledi wake unajulikana kuwa hudondoka mara 1 kwa 512. Kwa hesabu ya rafiki yangu, wa kwanza ulipaswa kuanguka kabla ya zimwi la 512 na wa pili kabla ya la 1,024. Kwa hiyo alijiona anadai mijeledi miwili, na kila zimwi lililoanguka bila kutoa kitu lilimwongezea uchungu.

Hesabu hiyo nimeisikia mara nyingi mno, tena kwa watu werevu. Nadhani tunaifanya kwa sababu maishani mwetu vitu vingi kweli huenda hivyo. Chukua robota la mitumba.

Fika soko la Gikomba alfajiri robota linapokatwa. Tuseme lina nguo 400, na kati yake nne tu ni kamera, zile safi ambazo wateja wa duka la mjini watazigombania. Zilizobaki ni za kawaida na za fagia, yaani zile duni kabisa. Ukivuta nguo moja bila kuangalia, uwezekano wa kupata kamera ni 4 kwa 400, yaani asilimia 1. Sasa tuseme umeshatoa nguo 300 na hujaona kamera hata moja. Zote nne bado zimo ndani, na nguo zilizobaki ni 100. Uwezekano wako umepanda hadi asilimia 4. Kila fagia uliyoitupa kando imekusogeza karibu na kamera. Mwenye robota ana haki kabisa ya kusema, "Bado kidogo, zinakuja."

Zimwi halina robota. Kila linapokufa, seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha gemu, hurusha kete upya, na kete hiyo haijui umekaa hapo usiku mmoja au mwezi mzima. Ni kana kwamba kila nguo unayoitoa inarudishwa ndani, robota linachanganywa tena, kisha unaingiza mkono ukiwa umefumba macho. Fagia 300 ulizozishika hazikupunguza chochote.

Tukilielewa hilo, hesabu ya mjeledi inakuwa nyepesi, na kikokotoo cha simu kinatosha. Uwezekano wa kukosa mara moja ni 511 kwa 512. Wa kukosa mara mbili mfululizo ni namba hiyo mara yenyewe. Endelea kuizidisha mpaka mara 512, na utabaki na takriban asilimia 37. Maana yake, kati ya watu 100 walioua mazimwi 512, 37 wametoka mikono mitupu. Nusu ya wachezaji hupata mjeledi wao wa kwanza ndani ya mazimwi 355. Wanaofika 1,024 bila kitu ni kama asilimia 13.5, na wanaofika 1,536 ni kama asilimia 5. Rafiki yangu, kwenye 1,100, alikuwa miongoni mwa asilimia 11.6. Wakusanye wachezaji 1,000 waliofikia idadi yake, na 116 hivi watakuwa wanaugua pamoja naye, bila yeyote kudhulumiwa.

Sisi hali hiyo tunaiita ukame. Jambo gumu kumwambia mtu aliye ndani ya ukame ni kwamba, kuanzia sasa, wastani wa mazimwi yaliyo mbele yake ni 512 yale yale, kama wa mtu aliyeanza leo asubuhi. Nilimwambia hivyo. Hakupenda, na simlaumu.

Yeye lakini alikuwa na afadhali moja kubwa: kiwango chake kinajulikana. Gemu nyingi za mtandaoni hazisemi. Gemu tunayoicheza pamoja, watu watano, wawili wakiwa Umoja, mmoja Buruburu na wawili South C, ina pete ambayo kila mtu anaitaka, na hakuna mahali popote ilipoandikwa hudondoka mara ngapi. Tukaamua kuhesabu wenyewe. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kuhesabu, kazi inayoonekana kama ya mtoto wa chekechea, ina mitego mingi kuliko gemu yenyewe.

Kwanza ni vizuri kujua kitu gani kinahesabiwa. Nyuma ya kila zimwi kuna jedwali la ngawira, yaani orodha ya vitu linavyoweza kudondosha likifa, na kila kitu ndani yake kimepewa uzito. Mathalani sarafu zina uzito wa 60, dawa 30, upanga 9 na pete 1. Jumla ni 100, kwa hiyo pete ni 1 kwa 100. Mara nyingi, hata hivyo, jedwali moja hufungua jingine. Kete ya kwanza ikiangukia sehemu yenye uwezekano wa 1 kwa 20, unaingizwa kwenye jedwali la vitu adimu, na humo ndani pete ni 1 kwa 25. Kwa pamoja hiyo ni 1 kwa 500. Mtu anayeona vitu adimu vikidondoka mara kwa mara huamini pete iko jirani, kumbe bado kuna mlango mwingine.

Kwa nini tusifungue faili za gemu tuone? Kwa baadhi ya gemu inawezekana. Diablo II ya mwaka 2000 ilikuwa na majedwali yake ndani ya faili alizonazo mchezaji, na watu waliyasoma mstari kwa mstari. Lakini katika gemu nyingi zinazochezwa na maelfu ya watu kwa pamoja, kete hurushwa kwenye seva na jedwali hukaa huko huko. Ukipekua faili zilizo kwenye kompyuta yako utakuta jina la pete, picha yake na nguvu zake, ila uwezekano wake hutauona. Kinachobaki ni kuua, kuandika, na kugawanya.

Kwa hiyo tulinunua daftari, lile nene la jalada gumu ambalo wenye maduka huandikia madeni. Na kosa letu la kwanza lilikuwa kubwa. Tulikuwa tunamwendea zimwi yule watu watano kwa pamoja, na kila mmoja akifika nyumbani anaandika "nimeua 40". Wiki mbili baadaye tukajumlisha: watu watano mara 40 ni 200 kwa usiku mmoja. Lakini mazimwi yaliyokufa yalikuwa 40. Je, tugawanye kwa 200 au kwa 40? Jibu linategemea gemu. Kuna gemu ambazo kila mchezaji hurushiwa kete yake, hata kama zimwi ni moja. Hapo 200 ni sawa. Kuna nyingine ambazo zimwi hurusha kete moja kwa kikosi kizima, kisha mnagawana au mnagombana. Hapo ni 40. Yetu ilikuwa ya aina ya pili. Kiwango tulichokuwa tumekitangaza kwa furaha kwenye kundi letu la WhatsApp kilikuwa moja ya tano ya ukweli, na tulilazimika kurudi kusahihisha.

Mtego wa pili tuliletewa na stima. Zimwi limeanguka, mwili uko chini, na kabla hujaugusa, taa zinazimika nyumba nzima. Ukirudi, mwili umeshatoweka. Utaandika nini? Mmoja wetu alikuwa akiandika "tupu", mwingine alikuwa haandiki kabisa, na kila mmoja aliona njia yake ndiyo ya haki. Baada ya mabishano marefu tuliongeza safu ya tatu: haijulikani. Mistari hiyo haiingii kwenye ugawaji, wala juu wala chini, lakini iko, na mtu akitaka kujua ni mingapi anaiona. Safu hiyo hiyo ilikuja kutusaidia kwa mambo mengine: begi lililokuwa limejaa, mtandao uliokatika, na kichujio kinachoficha vitu visivyo na thamani ili skrini isijae.

Mifumo mikubwa nayo ina taabu hiyo hiyo. World of Warcraft, iliyotoka mwaka 2004, ina wachezaji waliokubali kuweka programu ndogo inayoandika kila walichokiua na kila walichokiokota, kisha kuituma kwenye hazina ya pamoja, na hivyo ndivyo tovuti ya Wowhead ilivyopata viwango vyake vingi. Uzuri wa programu ni kwamba haichoki wala haina huzuni. Inaandika tupu kwa uaminifu ule ule inaoandikia pete. Lakini nayo haijui kama hukuinama kuokota, au kama kitu kilikuwa kinaonekana tu kwa mtu aliye na kazi maalumu ya kukitafuta. Wenzetu wa Guild Wars 2 hufanya zaidi kwa mikono: wanakusanya maelfu ya mara walizofungua mfuko fulani na kujumlisha za watu wengi, kila mmoja akiandika idadi yake yote, nzuri na mbaya.

Hapo kwenye "nzuri na mbaya" ndipo penye kiini cha jambo zima, na nitakaa hapo.

Fungua kundi lolote la wachezaji. Picha zinazotumwa ni za pete iliyodondoka. "Nimeua tano tu, imekuja!" Moto, makofi, pongezi. Hakuna anayetuma picha ya zimwi la 240 lililokufa bila kutoa chochote. Basi ukijifunza kiwango kwa kuangalia picha za kundi, umejifunza kutoka kwa waliobahatika peke yao. Wazee walishasema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi.

Hata watu wanaoandika kwa uaminifu huangukia kosa jingine ambalo ni gumu zaidi kuliona. Tuseme watu watatu wanaripoti. Wa kwanza alipata pete kwenye zimwi la 5, wa pili kwenye la 120, wa tatu kwenye la 175. Mtu anachukua kalamu: moja kwa 5 ni asilimia 20, moja kwa 120 ni kama asilimia 0.8, moja kwa 175 ni kama asilimia 0.6. Anajumlisha, anagawanya kwa tatu, na anatangaza kiwango cha asilimia 7. Kila hatua inaonekana sahihi, lakini jibu ni baya kupindukia. Njia ya haki ni kukusanya pete zote juu na mazimwi yote chini: pete 3 kwa mazimwi 300, asilimia 1.

Tofauti hii haitokani na mfano nilioutunga. Kiwango cha kweli kikiwa asilimia 1, na kila mtu akaacha kuhesabu anapopata pete ya kwanza, ukichukua wastani wa sehemu zao utakaribia asilimia 4.65, hata kama watu ni milioni moja. Kuongeza watu hakuponyi. Sababu ni kwamba mtu mmoja aliyepata kwenye zimwi la kwanza anachangia asilimia 100 nzima, na hakuna ukame wowote, hata wa miaka, unaoweza kushuka chini ya sifuri ili kumpa mizani. Waliobahatika wana sauti kubwa, na ugawaji wa aina hiyo unawapa kipaza sauti.

Halafu kuna mtu wa nne. Ameua 240, hana pete, na kwa kuwa hana pete hakuna aliyemuuliza. Mwingize. Sasa ni pete 3 kwa mazimwi 540, na asilimia 1 imeshuka hadi kama 0.56. Mazimwi 240 yake ni habari kamili, sawa kabisa na ya mwenye pete. Katika kikosi chetu tuliweka kanuni kwamba kila Jumapili jioni kila mtu analeta idadi yake, amepata au hajapata, na asiyeleta hesabu ya ukame wake haruhusiwi kuleta pete yake. Naona hiyo ndiyo kanuni iliyoliokoa daftari.

Basi sasa una namba mbili safi. Je, uziamini kiasi gani? Tuseme mmeua 200 na kupata pete 2. Asilimia 1, sivyo? Kiwango cha kweli kinaweza kuwa chochote kati ya asilimia 0.1 na 3.6, na hesabu yenu isingeshangaza mtu. Upana huo ni mkubwa mno kiasi kwamba hamjajua mengi. Fikeni pete 20 kwa 2,000, na upana unashuka kuwa kati ya asilimia 0.6 na 1.5. Fikeni 200 kwa 20,000, na mko kati ya 0.87 na 1.15. Angalia kinachobana upana: ni idadi ya pete mlizoziona. Idadi ya mazimwi peke yake haitoshi. Mazimwi 20,000 yakitoa pete mbili tu, mko pale pale penye ukungu. Na kila mkitaka kupunguza ukungu kwa nusu, lazima mzidishe kazi mara nne.

Kwa sababu hiyo napata shida na uvumi wa aina ya "tangu wabadilishe gemu Jumanne, vitu havidondoki". Au yule anayesema saa tisa za usiku seva huwa na huruma. Au dawa ya bahati inayodai kuongeza uwezekano kwa robo. Sisemi ni uongo, maana gemu kweli hubadilishwa na dawa kweli zipo. Lakini fikiria kazi ya kulithibitisha. Kutofautisha asilimia 1 na 1.25 kwa uhakika wa kuridhisha kunahitaji mazimwi kama 28,000 ukiwa umekunywa dawa, na mengine 28,000 ukiwa hujanywa. Ukiua moja kwa dakika, kila upande ni saa zaidi ya 460. Mtu mmoja anayesema "nimejaribu jioni nzima na nimeona tofauti" ameona kete zikiwa kete. Kikosi cha watu 40 wanaoandika kwa mtindo mmoja wanaweza kuikamilisha kazi hiyo bila kuumia sana, mradi wamekubaliana mapema wataishia wapi. Mkichungulia matokeo kila usiku na kusimama siku yanapopendeza, hakika ipo siku yatapendeza.

Swali la rafiki yangu wa Umoja, kwamba "wameitoa", lina jibu la pekee. Ukiua mara kadhaa bila kupata chochote, gawanya 3 kwa idadi uliyoua. Jibu ndilo dari la kiwango, kwa uhakika wa asilimia 95. Tupu 300 zinasema kiwango hakizidi asilimia 1. Tupu 3,000 zinasema hakizidi asilimia 0.1. Dari linashuka, lakini sakafu haligusi kamwe. Kwa kuhesabu peke yako huwezi kuthibitisha kwamba kitu hakipo. Unaweza tu kusema kikiwepo, ni adimu kuliko kiasi fulani.

Udhaifu huo wa mchezaji umewahi kumgharimu. Mwezi Januari 2024, Tume ya Biashara ya Haki ya Korea Kusini iliitoza kampuni ya Nexon faini ya won bilioni 11.6 hivi kwa sababu ya gemu yake ya MapleStory. Kulikuwa na kifaa kinacholipiwa, kinachobadilisha sifa za silaha kwa bahati nasibu. Tume iligundua kwamba tangu 2010 uwezekano wa sifa zilizopendwa ulipunguzwa bila wachezaji kuarifiwa, na tangu 2011 baadhi ya michanganyiko iliyotafutwa sana iliwekewa uwezekano wa sifuri. Watu waliendelea kulipa miaka na miaka wakivuta kamera kutoka robota ambalo kamera ilishatolewa. Tupu zao, hata wangeziandika zote, zingewaambia tu kwamba mchanganyiko ule ni adimu sana. Ili kuisoma sifuri yenyewe ilibidi jedwali lifunguliwe.

Ndiyo maana nasimama upande wa sheria zinazolazimisha majedwali yafunguliwe pale pesa inapohusika. China ilianza kuzidai namba hizo tarehe 1 Mei 2017. Apple iliweka sharti hilo kwenye duka lake la programu Desemba mwaka huo huo. Korea Kusini ililifanya kuwa sheria Machi 2024. Hapa kwetu kijana anaweza kulipia bahati ya gemu kwa simu kabla matatu haijatoka Umoja kufika mjini, na kuyajua maji anayoingia ni haki yake.

Lakini hata namba iliyotangazwa inahitaji kusomwa kwa makini, na Genshin Impact ni mfano ninaoupenda. Gemu hii ilitoka Septemba 2020. Wahusika wake adimu hawadondoshwi na zimwi. Unawavuta kwa vito unavyovitafuta au kuvinunua. Kampuni inasema uwezekano kwa kila mvuto ni asilimia 0.6, na kwamba ukifika mvuto wa 90 bila kitu, unapewa kwa lazima. Hapo gemu imelirudisha robota: lina nguo 90, na angalau kamera moja imo. Kampuni pia inatangaza kwamba ukijumlisha na ile ya lazima, wastani ni asilimia 1.6.

Sasa zipime namba hizo zenyewe kwa zenyewe. Kama kila mvuto hadi wa 89 ungekuwa asilimia 0.6 bila kubadilika, zaidi ya watu 58 kwa 100 wangefika mvuto wa 90. Wastani wa mivuto kwa mhusika mmoja ungekuwa karibu 70, sawa na asilimia 1.43. Asilimia 1.6 lakini ni wastani wa mivuto 62 na nusu. Hazilingani. Lazima mahali fulani kabla ya 90 uwezekano unapanda, nayo kampuni haikusema wapi. Wachezaji walikusanya kumbukumbu za mivuto yao, nyingi mno, na umbo likajitokeza: kuanzia karibu na mvuto wa 74 uwezekano hupanda kwa kasi, na wanaofika 90 ni wachache sana. Hakuna aliyewaonyesha jedwali. Waliona kwa sababu waliandika mvuto wa ngapi ulitoa kitu, na mingapi haikutoa.

Jambo hilo lilitufanya tuongeze safu moja kwenye daftari letu. Awali tuliandika waliokufa wangapi na pete ngapi. Sasa tunaandika pia urefu wa ukame kabla ya kila pete. Ikiwa zimwi letu halina kumbukumbu, ukame mfupi utakuwa mwingi, mrefu utapungua polepole, na mara moja moja utatokea mrefu wa kutisha. Ikiwa kuna robota lililofichwa, ukame wote utakatika karibu na namba moja, na hakuna atakayeivuka. Hadi sasa tumeona hali ya kwanza, ya zimwi lisilo na kumbukumbu, pamoja na ukame mmoja wa South C ambao mwenyewe aliusoma kwa sauti Jumapili mbili mfululizo.

Wiki iliyopita gemu ilifanyiwa mabadiliko, na zimwi letu limeongezewa nguvu. Hatujui kama jedwali lake limeguswa. Mmoja wetu alitaka tuendelee kuandika pale pale, kwa kuwa ni zimwi lile lile na tumechoka kuanza upya. Tulibishana kwa simu mpaka salio la mmoja likakatika. Mwishowe tulipiga mstari mwekundu chini ya ukurasa, tukaandika tarehe, na mistari mipya imeanza upande wa pili. Tutakapokuwa na pete za kutosha juu na chini ya mstari tutaona kama zinaweza kujumlishwa. Rafiki yangu wa Umoja ndiye anayelihifadhi daftari. Mjeledi wake bado anautafuta, na idadi yake anaiandika kwenye ukurasa wa mwisho.